Breki Zilifanya Kazi: Kisa cha Hiace Iliyoteleza Mteremko wa Amani

Ilikuwa mwezi wa Aprili, katikati ya masika, kwenye mteremko unaotoka Amani kwenda Sigi, wilaya ya Muheza. Hiace ya abiria ilishindwa kukata kona, ikanyoosha moja kwa moja hadi ukingo wa upande wa bonde, ikaparamia tuta la udongo lililoachwa na greda, kisha ikalala ubavu. Hakufa mtu. Mama mmoja alivunjika mkono, kijana aliyekaa dirishani alishonwa kichwani, wengine walitoka na michubuko. Magunia ya iliki yaliyokuwa kwenye keria yalipasuka, na iliki ikamwagika bondeni.

Habari iliyofika Muheza jioni ile, na Tanga mjini kesho yake, ilikuwa moja tu: breki zilikataa. Dereva alisema hivyo na abiria wakasema hivyo. Mwenye gari, mama mfanyabiashara wa Ngamiani, alikwisha kuamua kwamba mkosaji ni fundi aliyebadilisha pedi za breki siku chache kabla. Mimi nafundisha udereva, na watu huniita nikaangalie gari lililopata ajali kabla hawajagombana. "Mwalimu," aliniambia kwenye simu, "nenda ukaniangalizie, maana yule fundi nampeleka polisi."

Fundi hakuwa na kosa. Gari lilikuwa limekwisha kuvutwa hadi Muheza. Tulilifungua mbele ya fundi mwenyewe, konda, na kijana wa mwenye gari. Pedeli ilikuwa ngumu, oili ya breki imejaa, hakuna bomba lililovuja, pedi bado nene. Tukalipiga jeki, tukazungusha tairi moja moja kwa mkono huku mtu akikanyaga breki: kila tairi ilisimama papo hapo. Breki zile zilishika, na siku ya ajali zilishika kwa nguvu kuliko udongo ulivyoweza kustahimili. Gari lilipotea mapema zaidi, huko juu, kabla dereva hajaiona kona, na kwa maamuzi ya watu zaidi ya mmoja. Hilo ndilo nataka kulionyesha hatua kwa hatua, kwa sababu tukiridhika na habari ya breki kukataa, masika ijayo gari jingine litalala palepale.

Barabara na mvua ya usiku ule

Amani iko karibu mita 900 kutoka usawa wa bahari, ndani ya msitu wa Usambara Mashariki, na mvua yake kwa mwaka inakaribia milimita 1,900. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo kule juu mwaka 1902, na reli yao nyembamba iliyotoka Tengeni iliishia Sigi, chini ya mlima. Aliyewahi kupanda kutoka Sigi haoni ajabu kwamba treni haikuendelea.

Kipande cha ajali wakati huo kilikuwa cha udongo mwekundu wa mfinyanzi, uliokwanguliwa na greda na kushindiliwa na magari, bila kifusi juu yake. Niliukadiria mteremko wake kuwa mita moja ya kushuka kwa kila mita kumi za kwenda. Kona inapinda kushoto. Upande wa ndani ni ukingo wa mlima, upande wa nje ni bonde lenye miti.

Usiku uliotangulia haikunyesha mvua kubwa. Yalikuwa manyunyu yaliyoanza alfajiri na kuendelea hadi asubuhi. Watu walinieleza hivyo kama utetezi: mvua yenyewe haikuwa mvua, kwa hiyo tatizo lazima liwe gari. Mimi nasikia kinyume chake. Mvua kubwa ikipiga mfinyanzi kwa saa nyingi, tope huwa zito, tairi huzama, na lile tope lenyewe huikokota gari na kuipunguzia mwendo. Unakwama, lakini huendi mbio. Manyunyu hulainisha ngozi ya juu tu, unene wa kucha, huku chini yake udongo umekaa mgumu kama sakafu. Tairi haina kitu cha kuzama ndani yake wala kitu cha kung'ata. Na kwa macho barabara ile huonekana nzuri: haina madimbwi, haina makorongo, inang'aa kidogo tu. Dereva mgeni akiiona hushukuru Mungu na kuongeza mwendo.

Nani alikuwa kwenye usukani

Dereva wa kila siku wa Hiace ile ni mzee wa njia ile, anayeijua kona kwa kona. Siku hiyo alikuwa na homa. Konda akamtafuta deiwaka, yaani dereva wa kushika gari kwa siku, kijana mzuri, mwenye leseni, aliyezoea kupiga ruti ya lami kati ya Tanga na Muheza. Nimezungumza naye kwa kirefu. Hakuwa amelewa, hakuwa kwenye simu, na sikuona kwake dalili ya ubishi. Nalisema hili mapema kwa sababu maneno ya kijiweni yalikwisha kumfanya mhuni.

Alipandisha gari jioni, akalala Amani, akashuka asubuhi. Kupanda jioni ile kulimpa somo ambalo asubuhi lilimponza. Wenyeji walimwambia mlima ule haupandwi kwa kubembeleza: ukipunguza mafuta katikati, tairi za nyuma zinaanza kusaga, na gari linasimama. Ni kweli kabisa. Alichochea, akapanda bila kukwama hata mara moja, na abiria wakamsifu. Akalala akijua kwamba dawa ya utelezi ni kasi.

Wakati wa kupanda, mlima wenyewe ndio breki. Ukiachia mafuta, gari linapungua mwendo bila wewe kugusa chochote, kwa hiyo kasi ya ziada haikudai. Wakati wa kushuka, mlima uleule ndio injini. Kila unachokiongeza unakikuta kwenye kona, na wa kukupunguzia ni tairi zako peke yake. Hakuna aliyemwambia hivyo. Waliomfundisha kupanda hawakuwa ndani ya gari asubuhi.

Alianza kushuka kwa gia namba tatu. Konda ana hakika na hilo, na dereva hakulikana: alitaka injini isilie sana, mafuta yasiliwe bure. Kiti cha mbele alikaa babu mmoja mwenyeji wa Amani, aliyekuwa akienda hospitali. Babu alimwambia, "Mwanangu, hapa mwenzio hupachika namba moja toka kule juu." Kijana akamjibu kwa adabu, "Usijali babu, breki zipo." Breki kweli zilikuwepo.

Alama zilizobaki

Nilipofika pale mvua ilikwisha kufuta nusu ya ushahidi, lakini konda alikuwa amepiga picha nyingi kwa simu yake palepale, kabla hata ya kutoa magunia. Laiti kila konda angekuwa na akili hiyo.

Picha zinaonyesha michirizi miwili inayong'aa, laini, isiyo na chapa ya tairi. Tairi inayozunguka huacha chapa yake udongoni, ua baada ya ua. Tairi iliyofungwa na breki hupaka tu, kama mwiko juu ya saruji. Michirizi ile ilianza mita 26 kabla ya tuta na kwenda mbele bila kupinda hata kidogo, ilhali barabara yenyewe ilikwisha kuanza kwenda kushoto. Picha ya mwisho inaonyesha tairi za mbele zimekatwa kushoto hadi mwisho. Maana yake dereva alikata usukani wote, na gari halikumsikia.

Upande wa nyuma kuna jambo la pili. Katikati ya safari ile fupi, mistari ya nyuma inaachana na ya mbele na kusogea kulia, kuelekea bondeni. Nilimuuliza dereva alifanya nini hapo. Akafikiri, akasema aliona gari halisimami, akapangua gia, akapachika namba mbili na kuachia klachi. Konda alikumbuka injini ilipiga kelele. Nitalirudia hilo.

Hesabu ya mita

Gari husimama kwa sababu ardhi inalizuia kupitia tairi. Kwa kila kilo 10 za uzito wa gari, lami kavu huweza kuzuia kwa nguvu ya kama kilo 7. Udongo wa mfinyanzi wenye ngozi mbichi huzuia kwa kama kilo 2. Na mteremko kama ule unalivuta gari kwa kilo 1. Ukitoa moja kwenye mbili, dereva alibaki na kilo 1 tu ya kusimamishia gari, kati ya zile 7 ambazo mguu wake ulizoea kuzipata kwenye lami ya kwenda Pongwe.

Ukienda kilomita 40 kwa saa, na huo ndio mwendo unaopatana na maelezo ya konda na gia aliyokuwa nayo, lami kavu isiyo na mteremko hukusimamisha ndani ya mita 9 baada ya kukanyaga breki. Pale palihitajika mita 63. Ongeza sekunde moja ya kushtuka na kuhamisha mguu, ambayo kwa mwendo huo ni mita 11, unapata mita 74. Kutoka mahali kona inapoanza kuonekana hadi ukingo wa bonde ni kama mita 40. Kwa hiyo alipoiona kona, hakuna alichoweza kufanya kwa mguu wake kikamsimamisha. Mita zote 26 za michirizi, breki zikiwa zimekanyagwa hadi chini, zilimpunguzia kama kilomita 10 kwa saa, basi. Alilifikia tuta akiwa bado na mwendo wa 30.

Mwendo ungekuwa 20, angehitaji mita zisizozidi 22, pamoja na ile sekunde ya kushtuka. Angesimama, akiwa na nafasi karibu nusu iliyobaki. Kwa namba moja, gari likijikokota kwa kilomita 12, angehitaji mita 9 au 10, na huenda asingegusa breki kabisa. Ukiugawa mwendo kwa mbili, umbali wa kusimama baada ya kukanyaga breki unagawanyika kwa nne. Wanafunzi wangu huikariri sentensi hiyo kwa ajili ya mtihani. Kwenye mlima ule ndiyo inayoamua kama mama atarudi nyumbani na mkono mzima.

Kuna waliosema gari lenye kuendesha tairi zote nne lisingeteleza. Lingepanda vizuri zaidi, hilo nakubali. Ila kwenye kusimama, kila gari lina breki kwenye tairi nne, hakuna nyongeza.

Kwa nini usukani haukusikia

Hapa ndipo madereva wengi wenye uzoefu hunibishia, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Tairi ina mshiko mmoja tu, na mshiko huo ndio unaogawanywa kati ya kusimama na kukata kona. Ni kama pesa ya matumizi ya siku: ukiimaliza yote kwa muuza samaki, usitegemee kurudi na nazi. Kijana yule alikanyaga breki hadi tairi zikafunga, akautumia mshiko wote, tena mdogo, kwenye kusimama. Alipokata usukani hakikubaki kitu cha kuligeuza gari. Tairi iliyofungwa haina mbele wala pembeni. Inakwenda kule uzito unakoisukuma, hata uielekeze wapi. Ndiyo maana michirizi ilikwenda bila kupinda huku tairi zenyewe zimekatwa kushoto.

Cha kufanya, na ni kigumu kuliko vyote katika udereva, ni kuondoa mguu kwenye breki. Kuuondoa kidogo, tairi zirudi kuzunguka, ugeuze usukani kwa utulivu, kisha ukanyage tena kwa upole, uachie, ukanyage. Hiace ile haikuwa na ABS, ambayo kazi yake ni hiyohiyo ya kuachia na kukamata kwa haraka ili usukani uendelee kufanya kazi. Asiye nayo lazima aifanye kwa mguu. Na kuna hatari ndani ya hatari: ukiachia breki wakati usukani umekatwa hadi mwisho, tairi zikipata mshiko ghafla, gari lenye magunia kwenye keria linaweza kupinduka palepale. Kwanza unaurudisha usukani karibu na katikati, ndipo unaachia.

Kwa mwendo wa 40 hata hayo yasingemwezesha kuipita kona. Niliikadiria kona ile: ni kali, nusu kipenyo chake kama mita 15, na kwa udongo wa siku ile gari lisiloguswa breki lisingeipita zaidi ya kilomita 19 au 20 kwa saa. Lakini angekuwa na uchaguzi mwingine. Upande wa kushoto kulikuwa na ukingo wa mlima na mtaro. Kulipeleka gari mtaroni, likajikwangua kwenye ukingo, ni hasara ya bodi na kioo. Wazee wa njia zile wanajua: ukishindwa, shindwa upande wa mlima. Kwa tairi zilizofungwa hata huko hakuweza kwenda. Lile tuta la greda halikuwekwa pale kwa ajili yake. Lingeweza kuwa mita tano mbele zaidi au lisiwepo.

Sasa ile gia. Kuzuia gari kwa injini ni jambo jema, nami nimekwisha kusema namba moja ndiyo iliyotakiwa. Ila injini ya Hiace hufanya kazi kwenye tairi za nyuma peke yake, na kwenye mteremko uzito wa gari umehamia mbele, kwa hiyo nyuma ni nyepesi. Ukipachika gia ndogo katikati ya utelezi na kuachia klachi kwa ghafla, tairi za nyuma zinavutwa mwendo mara moja, zinateleza, na mkia unatoka. Ndicho kilichoonekana kwenye picha, mistari ya nyuma ikienda bondeni. Gia huchaguliwa juu, mahali pa tambarare, kabla pua ya gari haijainama. Breki ya mkono nayo ni vivyo hivyo. Inakamata nyuma tu, na kwenye udongo kama ule ni njia ya haraka ya kulizungusha gari.

Tairi mpya

Mwenye gari aliponisikiliza hadi hapo aliuliza, "Na tairi mwalimu? Za mbele nimenunua mpya, risiti ninayo." Nilikwisha kuziona. Ni mpya kweli, na ni nzuri kwa lami: mistari myembamba ya kwenda mbele, ya kutoa maji. Mfinyanzi uliijaza mistari ile ndani ya mita chache tu, na kutoka hapo alikuwa na tairi kipara zenye risiti. Za nyuma zilikuwa za kashata, zenye meno ya kung'ata udongo, nzee kidogo. Upande unaobeba kazi kubwa ya kusimama na kazi yote ya kukata kona ndio uliokuwa na tairi zisizofaa. Isitoshe, zilijazwa upepo hadi zikawa ngumu kama jiwe kwa sababu ya mzigo, na tairi ngumu hugusa ardhi kwa eneo dogo.

Mdogo wa kiume wa mwenye gari anaishi Uswidi, anaendesha gari la kusambaza mizigo. Dada yake alimpigia mbele yangu, akaweka simu sauti ya juu. Nilimweleza kisa, naye hakushangaa hata kidogo. "Dada, hiyo ni barafu," alisema. "Huku barafu ikiwa kavu na baridi kali, afadhali. Ikianza kuyeyuka, maji yakikaa juu yake, hapo ndipo tunaomba dua." Ni sawa kabisa na manyunyu juu ya udongo mgumu: kitu kigumu chini, utando wa maji juu. Tofauti ni kwamba barafu ya namna hiyo huzuia kwa kilo 1 au chini yake kwa kila 10, na ukiipeleka kwenye mteremko kama wetu inakuwa moja kutoa moja. Ukishaanza kushuka, hakuna breki itakayokusimamisha kabla mteremko haujaisha.

Kilichonigusa zaidi ni jinsi wenzetu wanavyolikabili jambo hilo. Sheria ya Uswidi inalazimisha tairi za majira ya baridi kuanzia Desemba 1 hadi Machi 31 barabara zikiwa na barafu au theluji, na kina cha kashata zake kisipungue milimita 3. Wengine hufunga tairi zenye pini za chuma. "Na leseni hupewi," alisema yule bwana, "mpaka wakupeleke kwenye uwanja uliotelezeshwa makusudi. Unakanyaga breki, gari linakukatalia, unajua linavyokataa." Naungana nao kwa moyo wote. Kijana wetu alikutana na gari lisilosikia usukani kwa mara ya kwanza maishani mwake akiwa na abiria nyuma na bonde kulia. Uwanja wa udongo wakati wa masika, gari tupu, mwendo wa kilomita 15, mwalimu pembeni: Tanga yote imejaa viwanja hivyo Aprili na Mei. Mimi nimeanza kuwapeleka wanafunzi wangu Mei hii, na nawasihi walimu wenzangu wafanye hivyo.

Waliokuwa na habari na hawakusema

Konda alilijua lile ambalo dereva hakulijua. Yule mzee wa kila siku, manyunyu yakiwepo, husimamisha gari juu ya mteremko, huwaomba abiria washuke na kutembea hadi chini ya kona, kisha hushuka na gari likiwa tupu, kwa namba moja, tairi moja ikipita kwenye majani ya pembeni ambako kuna mshiko. Wapo pia wanaofunga minyororo kwenye tairi. Nilimuuliza konda kwa nini hakusema. Akainamisha kichwa. "Kaka, yeye ndiye dereva. Na tulikuwa tumechelewa hesabu."

Hesabu ya siku ile, yaani pesa ambayo mwenye gari hupelekewa kila siku, ilikuwa sawa na hesabu ya Januari, jua likiwaka na barabara ikiwa kavu. Kushusha abiria, kusubiri watembee, kushuka kwa namba moja, kungewala karibu nusu saa, na nusu saa hiyo haikuwa na mwenye kuilipia. Nilimwambia mama mwenye gari bila kumficha, na namheshimu kwa jinsi alivyolipokea. "Kwa hiyo na mimi nilikuwemo kwenye gari," alisema. Nikamjibu, "Ndiyo mama, ulikuwemo."

Tulikaa siku ile, yeye, konda, na yule mzee aliyekuwa amepata nafuu. Walikubaliana hesabu ya masika ipunguzwe, tairi za kashata zifungwe zote nne ifikapo Machi, keria isibebe kitu siku ya manyunyu, na deiwaka yeyote asikabidhiwe gari kushuka Amani kabla hajashuka na mzee akiwa kiti cha pembeni. Mzee akaongeza sharti lake: konda akisema "simama", dereva asimame kwanza, maswali baadaye. Deiwaka mwenyewe amerudi kwenye lami. Fundi aliombwa radhi, na wale waliompa jina baya kijiweni waliambiwa na konda mwenyewe kilichotokea.

Matibabu ya yule mama aliyevunjika mkono yamelipwa na mwenye gari. Iliki bado. Mwenye magunia anasema alilipia mzigo ufike Muheza. Mwenye gari anasema mzigo wa keria ulipandishwa na deiwaka bila yeye kujua. Wazee wa pande zote mbili wameshakutana na wamepanga kukutana tena baada ya mavuno yajayo, bei ya iliki itakapojulikana.